Reaper: miaka yangu minne na ushee na programu ya dola 60, mafundi sauti wachanga someni hapa

Wakuu habari za mida hii. Kila wiki lazima kuna dogo mmoja anavamia inboksi yangu na swali lile lile, kaka nataka kuingia mambo ya studio nishushe programu gani, na wengi wanauliza huku tayari wana FL Studio ya kukraki waliyopewa na mshikaji kwenye flashi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo leo naandika yote kwa mpigo. Mi natumia Reaper, ndo inayonilipia kodi ya chumba hapa Dar, na mabaya yake nitayasema maana ninayo ya kutosha na hamna mtu kanipa hata mia.

Kwa asiyeijua, Reaper ni programu ya kurekodia, kukata, kumiksi (kuchanganya sauti) na kumasta (kuupiga wimbo msasa wa mwisho), kundi moja na akina Cubase, Pro Tools na Logic. Aliyeitengeneza ni jamaa wa Marekani anaitwa Justin Frankel, na kama umri unakuruhusu kuikumbuka Winamp, ile pleya ya kwenye kompyuta za intaneti kafe yenye kidirisha kidogo na vimistari vya kijani vinarukaruka, basi ni huyo huyo. Winamp ilitoka 1997, mwaka 1999 AOL wakainunua kampuni, jamaa akavuta mpunga wake, halafu badala ya kutulia akaja kuanzisha hii, toleo namba 1 likatoka 2006. Nilivyojua nilicheka peke yangu maana brother wangu alikuwa ananichapa makofi nikigusa folda yake ya Winamp.

Sasa nimefikaje huku. 2018 nilikuwa dogo wa studio moja maeneo ya Sinza, jina mniachie. Kazi yangu ilikuwa kukunja waya, kufagia, kufuata chipsi, na kuzima AC msanii akishaingia kibanda maana ile AC ilikuwa inavuma kama daladala iliyo njiani kufa. Mshahara hakuna, hela ya nauli inatoka kama bosi kaamka vizuri. Wengi tumepita humo na silalamiki, waya nilikunja mpaka leo waya wangu haujawahi kukatika ndani.

Shida ilikuwa kompyuta. Programu zote mle ndani zilikuwa za kukraki, kuna duka Kariakoo ulikuwa unapeleka mashine na elfu ishirini yako unarudishiwa imejaa kila kitu, plagini (programu ndogo za kuongezea) mia na kitu ambazo hamna anayezijua hata nusu. Siku moja nafika asubuhi nawasha, mafaili yote yamebadilika majina, kila folda ina kikaratasi cha kudai hela kwa dola. Virusi. Wiki tatu za kazi zimekwenda na maji, na humo ndani kulikuwa na nyimbo kumi za kwaya ya wamama kutoka Mkuranga ambao walikodi Coaster kuja kurekodi, watu thelathini, wengine na watoto mgongoni. Bosi akanipa simu, eti niwapigie mimi. Nikasema shikamoo mwalimu, nikaeleza huku jasho linanitoka. Mwalimu wa kwaya hakunitukana, bora angenitukana, aliuliza tu, "Mwanangu, kwani sauti zetu mlikuwa mmeziweka wapi?"

Jibu la maana sina mpaka leo. Ila siku ile ndo nilianza kutafuta programu ninayoweza kuilipia mwenyewe kihalali na kuielewa imeweka vitu vyangu wapi.

Habari ya bei ndo iliyonivuta. Reaper unaishusha kwenye tovuti yao, faili la Windows halifiki hata MB 20, yaani kwa bando la mia tano unashusha na chenji inabaki, wakati wenzake wengine unahitaji kwenda kukaa sehemu yenye waifai nusu siku. Unapewa siku 60 za kuijaribu na kila kitu kimefunguliwa, hamna treki (mistari ya sauti) walizokuzuia, hamna kelele wanakuwekea kwenye wimbo. Zikiisha haijifungi, kila ukiwasha inakutolea kidirisha cha kukukumbusha ulipe, unasubiri kama sekunde tano, unaendelea. Hapo najua wabongo tunavyowaza, kwaiyo natumia bure maisha yote. Kisheria hapana, na mi nilikaa na kile kidirisha miezi mingi tu sitaki kujifanya malaika, ila kuna siku mteja kakaa pembeni yangu anakisoma kwa sauti, "hii programu hujailipia eeh?" Aisee. Nililipa wiki ile ile.

Leseni ni dola 60 kama wewe ni mtu binafsi na kazi zako za kibiashara hazikuingizii zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Ukizidi hapo ni dola 225. Programu ni ile ile, wanakuamini tu wewe useme uko upande gani. Mimi niko upande wa 60 na kwa kasi hii wajukuu zangu labda ndo watalipa 225. Kwa hela yetu ilinitoka kama laki na nusu na ushee, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ninayoitengenezea kwenye simu, ufunguo ukaja kwenye imeili. Halafu leseni moja inakubeba matoleo mawili makubwa, mi nililipa ikiwa 6, ilivyokuja 7 mwezi wa kumi 2023 nikashusha bila kuongeza senti.

Kwenye mashine ndo imeniheshimisha zaidi. Nilianza na laptopu used ya Dubai, i5 ya zamani, RAM 4, ikiwaka feni unadhani inataka kupaa. Kwenye mashine hiyo Cubase ya bosi ilikuwa ikifika treki ya ishirini inaanza kukwamakwama, Reaper nikawa nafika arobaini na kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) na ikwalaiza (ya kurekebisha besi na ukali) juu yake. Plagini zinazokuja nazo ni mbaya wa sura kupindukia, zimekaa kama fomu ya benki, ila zinafanya kazi. ReaEQ na ReaComp nimemiksia nyimbo zimepigwa redioni na hakuna prodyuza aliyewahi kuniambia mbona hapa hukutumia plagini ya dola mia tatu.

Mfano wa karibu, ile wanaiita ReaFIR. Wateja wangu wengi siku hizi ni wa mahojiano na matangazo, wanarekodi kwenye ofisi feni inazunguka juu. Unatafuta sekunde mbili ambazo hakuna anayeongea, feni peke yake, unaiweka ReaFIR kwenye hali ya kutoa, unatiki ijifunze ile kelele, unacheza hizo sekunde mbili, unaondoa tiki. Basi, feni inashuka. Ila usiwe na tamaa, ukiikaba sana mtu anaanza kuongea kama yuko ndani ya pipa la maji, mi kazi yangu ya kwanza ya tangazo ilirudishwa kwa sababu hiyo, mteja akaandika "kaka huyu mama anaongelea Rufiji chini?" Punguza kelele robo tatu, iliyobaki weka muziki chini yake, hamna atakayesikia.

Na ukataji wake jamani. Mahojiano ya saa moja ya watu wawili yana "eeeh" na "yaani" na kikohozi na mtu kapokea simu. Reaper inakuruhusu kujitengenezea komandi zako, unaunganisha vitendo vitatu vinne kwenye kitufe kimoja cha kibodi. Mi kitufe changu kinakata, kinafuta na kuvuta sehemu iliyobaki kuziba pengo, kwa kidole kimoja. Kazi niliyokuwa naifanya kutwa nzima naimaliza kabla ya mchana, nachaji elfu hamsini, na huyo mteja analeta kila wiki. Msanii anakuja mara moja kwa miezi mitatu na anaomba punguzo.

Hapa niseme kitu ambacho madogo hawapendi kukisikia. Bongo sisi tumekulia kwenye jina la prodyuza. P-Funk Majani pale Bongo Records, Master J pale MJ, hao ndo tuliokuwa tunawataja shuleni, na mpaka leo wimbo ukianza unasikia prodyuza katajwa kabla hata msanii hajafungua mdomo. Prodyuza anapiga biti, anarekodi, anamiksi, anamasta, na mara nyingine anaimba kiitikio. Fundi sauti peke yake, mtu ambaye kazi yake ni kurekodi vizuri na kumiksi tu, hana hata sehemu ya kutajwa. Kwaiyo ukitaka sifa nenda kapige biti, na ukienda huko usichukue Reaper, nasema kabisa, chukua FL Studio ulipie. Reaper haiji na vinanda vya maana, haiji na maktaba ya ngoma wala ya sauti za kuanzia, unaifungua unakuta giza tupu, na sehemu yake ya kupangia noti za kinanda inafanya kazi ila ina kona kona kibao. Mdogo wangu anapiga singeli, nilimpa Reaper siku mbili akanirudishia kama mtu aliyepewa wali bila mboga.

Ila kama unataka maisha ya kurekodi watu, kwaya, kaswida, matangazo ya redio, mahojiano, vitabu vya kusikiliza, bendi za harusini zinazotaka demo, hapo nakwambia hii kitu iko nyumbani. Hela ya fundi sauti hapa mjini iko huko.

Nichukulie siku moja ya Kibaha. Kanisa limenunua miksa ya Behringer X32, mafundi wao wanaitumia kwa ibada tu, hawajui kwamba nyuma ina tundu la USB, lile la mraba kama la printa. Nikaenda na laptopu na waya wa printa wa elfu tano, basi, chaneli 32 zinaingia Reaper kila maiki na treki yake, intafesi (kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta) ya kukodi sikuhitaji. Dereva ya miksa (programu inayoifanya kompyuta iitambue) niliiweka nikiwa nyumbani, na nyie fanyeni hivyo, msiende kuhangaika na mtandao kanisani mchungaji anawaangalia. Nina kiolezo changu tayari nimekihifadhi, treki zina majina na rangi, soprano, alto, tena, besi, kinanda, gitaa la besi, ngoma, mbili za kuchukua ukumbi. Nafungua, naangalia mishale inapanda, naenda.

Wimbo wa tano beti la pili umeme ukakata. Kimya, halafu wamama wakaendelea kuimba gizani bila vyombo, aisee nywele zilinisimama, na kitu kizuri kama kile hakikurekodiwa maana miksa ilishazima. Laptopu yangu iko kwenye betri, Reaper ikasimama yenyewe ikatoa ujumbe kwamba haioni tena kifaa cha sauti. Moyo ukanienda mbio nikakumbuka ile simu ya Mkuranga. Nikafungua folda, mafaili yote yapo, kila treki mpaka sekunde ile ile taa zilipozima. Jenereta likawashwa, tukarudia kuanzia beti la pili, nikaunganisha nyumbani na hamna anayesikia mshono. Kilichonisumbua ni ule mngurumo wa jenereta uliingia kwenye maiki za soprano, nikakata masafa ya chini mpaka karibu Hz 120 na kwa sauti za wamama hamna kilichopotea.

Sasa mabaya, na la kwanza kosa langu mwenyewe lakini na programu nayo ina mkono. Ukifungua projekti mpya ukaanza kurekodi kabla hujasevu, sauti zinaenda kwenye folda nyingine kabisa huko kwenye Documents, na faili la projekti ukija kulisevu baadaye linakaa kwake. Mi nikamrekodi dogo mmoja, nikasevu mwishoni, nikahamisha faili la projekti kwenye flashi nikampelekea mtu wa Tabata amiksi. Kafungua, treki zote zimeandikwa hazipatikani. Faili la projekti la Reaper ni maandishi tu, unaweza hata kulifungua na Notepad ukasoma, sauti hazimo ndani yake, zimo kwenye WAV pembeni. Kwaiyo kabla hujabonyeza kitufe chekundu sevu kwanza, na pale pa kusevu kuna viboksi, tiki cha kutengeneza folda ya projekti na cha kukopi midia iingie humo. Hii ingetakiwa iwe hivyo tangu mwanzo bila mtu kutiki kitu, sijui kwa nini wanatutesa.

La pili ni sura. Najua mafundi mtasema sura si kitu, ila mteja anakuja studio na simu yake anapiga picha, anataka kuona ile skrini ya kwenye video za Marekani. Mi msanii mmoja aliangalia Reaper akaniuliza kama hiyo ni Excel. Unaweza kubadili ngozi yake, watu wametengeneza nyingi za bure, niliweka moja nyeusi maswali yakapungua. Bado haijawahi kumtisha mtu kama Pro Tools inavyotisha.

Tatu, mipangilio yake ni msitu. Ukifungua preferensi unakutana na kurasa na kurasa, na vitu vingi vimefichwa kwenye kitufe cha kulia cha mausi, usipobonyeza kulia hutavijua mpaka uzeeke. Kitabu chao cha maelekezo kina kurasa zaidi ya 400 na mi sijakimaliza na sitakimaliza. Kilichoniokoa ni video za Kenny Gioia, ziko bure kwenye tovuti yao ya Reaper, jamaa anaongea taratibu, Kiingereza chepesi, kila video kitu kimoja. Angalia moja kwa siku, ya kwanza iwe ya kurekodi, ya pili ya kurenda (kutoa faili la mwisho), usikimbilie za mbwembwe.

Nne, na hii ya kazi hasa, studio kubwa ukienda kuomba nafasi hawatakuuliza Reaper. Watakuuliza Pro Tools, Cubase, Logic. Kuna sehemu moja Mikocheni nilifanya usaili, jamaa akanikalisha mbele ya Pro Tools akasema rekodi vokali hizi, nikababaika dakika tano natafuta pa kuongeza treki, nikarudi nyumbani kwa mguu. Kujua kumiksi nilijua, vitufe ndo sikuvijua. Kwaiyo hata ukiwa mtu wa Reaper, tenga muda ujue japo misingi ya nyingine moja.

Na kwa kuwa wengine hawana Reaper, jifunze kutoa stemsi (kila treki na faili lake) vizuri, hapa napo ndo wengi tunapoharibu majina yetu. Kila treki ianzie sekunde sifuri hata kama mtu anaimba dakika ya pili, zote urefu mmoja, WAV biti 24, na kwenye kurenda kuna sehemu unaandika $project na $track yenyewe inajipa majina, hakuna faili linaitwa "vokali mpya mwisho kabisa 3". Usitume kwa WhatsApp kama sauti, tuma kama dokumenti au weka kwenye Drive. Prodyuza mmoja wa Arusha hatujawahi kuonana ana kwa ana, alinipa kazi nne mfululizo, na alichosifia siku ya kwanza ilikuwa folda. Hata miksi alikuwa hajaisikia bado.

Kitu kingine kwenye hiyo hiyo sehemu ya kurenda, ukimaliza inakuonyesha wimbo wako una LUFS ngapi, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Wasanii wetu wanataka sauti ipasuke, "bro yangu mbona iko chini kuliko ya fulani". Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye -14, kwaiyo ukimpelekea -6 iliyokabwa mpaka haina pumzi inashushwa tu, anabaki na wimbo uliobanwa. Mi siku hizi sibishani na msanii, namtolea mbili, namchezea zote nimezisawazisha sauti, anachagua mwenyewe. Mara nyingi anachagua ile iliyopumua, halafu anasema ndo aliyokuwa anamaanisha.

Msaada wa wateja sijawahi kuuhitaji kwenye leseni, nilibadili laptopu nikaweka ule ufunguo ule ule ikakubali. Nyota kwangu nne kasoro, kama wewe ni wa biti, mbili na nusu.

Kwa wanaotaka kushusha leo: shusheni kwenye reaper.fm yenyewe, msiende kutafuta kwenye magrupu ya Telegram, kitu kiko bure siku 60 na bado kuna watu wanashusha yake ya kukraki, hiyo mi siielewi kabisa. Ukishaiwasha mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuchagua kifaa cha sauti, bonyeza ndiyo, kama una intafesi chagua ASIO yake (dereva ya sauti isiyochelewesha). Kama huna na unatumia maiki ya USB, weka ASIO4ALL kwanza, la sivyo utaisikia sauti yako inarudi imechelewa, utadhani uko kwenye simu ya mtu wa Ulaya enzi za vocha za kukwangua.